Somo: Tshombe, kutoka jimboni hadi serikali kuu



Masomo yaliyopita yalikuwa ya mikataba na michango ya chama. Safari hii tunasoma maisha ya mtu mmoja, Moïse Tshombe wa Katanga. Wazee wetu walilitumia jina lake kumwita msaliti, na vijana wengi viwandani na mashambani wanalijua kwa hilo tu. Lakini tusi halifundishi. Sisi tunataka kujua alipandaje, nani alimshika mkono, na fedha zilitoka mfuko gani.

Tuanze na Katanga yenyewe. Hadi mwaka 2015 hili lilikuwa jimbo la kusini ya Kongo, na chini ya ardhi yake kuna shaba na kobalti. Tangu mwaka 1906 mwenye migodi alikuwa kampuni ya Kibelgiji iitwayo Union Minière. Kampuni ilipokosa watu iliandika vibarua Kasai, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na hata Rwanda na Burundi. Waliishi kambini na wake zao na watoto, wakapewa posho, na mnyapara alijua nani ameamka na nani amelala. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi hao waligoma kudai mishahara. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira mjini Elisabethville, leo Lubumbashi. Gavana wa jimbo alikuja na askari, na askari wakafyatua risasi. Makumi ya watu walikufa pale. Wakati ule Mwafrika hakuruhusiwa kuwa na chama cha wafanyakazi. Ruhusa ilitolewa mwaka 1946, tena chini ya macho makali ya serikali.

Katika nchi hiyo hiyo Tshombe alizaliwa mwaka 1919, huko Musumba, makao ya Mwaant Yaav, mfalme wa Walunda. Yeye hakuwa mtoto wa kambini. Baba yake alikuwa tajiri wa maduka na malori, mmoja wa Waafrika wachache sana wa namna hiyo katika Kongo ya wakati ule. Kijana alisoma kwa wamisheni wa Kimethodisti, akajifunza uhasibu, akaoa binti wa Mwaant Yaav. Baba alipofariki mwaka 1951 alirithi biashara, lakini biashara haikumwendea vizuri. Siasa ilimwendea vizuri zaidi, na alianza na kiti katika baraza la jimbo.

Hapa ndugu someni polepole. Mwisho wa mwaka 1957 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa mitaa Elisabethville. Waafrika waliochaguliwa kuwa wakuu wa mitaa walitoka nje ya Katanga, hasa Kasai. Si ajabu, maana nusu ya mji ilijengwa na watu walioletwa na kampuni. Lakini wakubwa wa makabila ya Katanga walikasirika, na mwaka 1958 kikaundwa chama cha CONAKAT, chama cha "wenyeji halisi". Mwaka 1959 Tshombe akawa rais wake. Walowezi wa Kibelgiji wakakisogelea chama hicho, kwa sababu nao walitaka Katanga isimezwe na serikali ya Léopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa.

Mnaona jinsi jambo lilivyopangwa? Mtu wa Kasai aliyechimba shaba miaka ishirini akaitwa mgeni. Kampuni iliyotoka Brussels haikuitwa mgeni.

Mwezi wa Mei 1960 ulifanyika uchaguzi kabla ya uhuru. Katika bunge la taifa lenye viti 137, CONAKAT ilipata viti 8 tu. Katika baraza la jimbo lenye viti 60 ilipata 25, na wapinzani wake wa BALUBAKAT, chama cha Jason Sendwe, walikuwa nyuma kidogo tu. Sheria ilidai akidi ya theluthi mbili, yaani wajumbe 40 wawepo ndipo serikali ya jimbo ichaguliwe. BALUBAKAT wakasusia kikao, na akidi haikutimia. Basi bunge la Ubelgiji, zikiwa zimebaki wiki mbili tu kufika uhuru, likaibadilisha sheria ili CONAKAT iunde serikali peke yake. Tshombe akawa rais wa jimbo.

Tunawaambia kila siku matawini kwamba akidi si ukorofi wa katibu. Watu wengine hupiga miayo. Haya, tazameni mlango uliofunguliwa na akidi moja tu iliyofutwa.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye askari waliasi, na tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga na ni nchi huru. Ilikuwa na bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, fedha yake na stempu zake, lakini hakuna serikali hata moja duniani iliyoitambua, hata Ubelgiji yenyewe. Ila maofisa wa Kibelgiji waliongoza jeshi lake, na washauri wa Kibelgiji walikaa ofisini mwake. Kodi ambazo Union Minière ilikuwa ikilipa Léopoldville sasa ililipa kwa Tshombe. Karibu nusu ya mapato ya Kongo yalitoka katika jimbo hilo moja, kwa hiyo serikali ya Lumumba ilikatwa mkono siku ya kumi na mbili ya maisha yake. Kaskazini ya Katanga Wabaluba walikataa kujitenga. Jeshi la Tshombe na mamluki walichoma vijiji vyao.

Lumumba alipokwisha kuangushwa na kufungwa, alipelekwa kwa ndege Elisabethville tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku ule ule waliuawa wote watatu. Tume ya bunge la Ubelgiji ilitoa taarifa yake mwaka 2001, nayo ilieleza kwamba Tshombe na baadhi ya mawaziri wake walikuwapo mahali pa mauaji.

Kujitenga kulidumu miaka miwili na nusu. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikumaliza Januari 1963, na Tshombe akaenda kukaa Uhispania. Askari wake wengi walivuka kwenda Angola na silaha zao. Mtu angedhani habari imekwisha.

Mwaka 1964 mashariki ya Kongo iliwaka. Wapiganaji wa Simba waliteka miji mingi, pamoja na Stanleyville, leo Kisangani. Serikali ya Cyrille Adoula, ambaye zamani alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi, ilishindwa. Rais Kasa-Vubu akamwita Tshombe, na mwezi wa Julai aliyetaka kuigawa nchi akawa waziri mkuu wa nchi nzima. Hakuitwa kwa sababu ya kura, bali kwa sababu ya vitu alivyokuja navyo: wale askari walioko Angola, mamluki, na urafiki na Brussels. Tarehe 24 Novemba ndege za Marekani ziliwashusha askari wa Kibelgiji Stanleyville, huku mamluki wakiingia kwa barabara. Maelfu ya Wakongo walikufa katika vita vile. Viongozi wengi wa Afrika walikataa kukaa naye meza moja, na alipokwenda mkutanoni Cairo mwezi wa Oktoba, Wamisri walimzuia ndani ya nyumba ya wageni.

Haki yake tumpe. Mwezi wa Februari 1965 alikwenda Brussels akarudi na mkoba wa hisa za makampuni, pamoja na za Union Minière, zilizokuwa mali ya dola ya Kongo lakini zikashikiliwa Ubelgiji tangu uhuru. Watu walimshangilia barabarani. Mwaka huo huo muungano wake wa CONACO ulishinda viti 122 kati ya 167. Mtu wa viti 8 amepata 122! Kasa-Vubu akaogopa, akamwachisha kazi tarehe 13 Oktoba. Aliyewekwa badala yake, Évariste Kimba, alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Tshombe kule Katanga, na bunge likamkataa. Wakati wakubwa wakivutana, Jenerali Mobutu alichukua nchi tarehe 24 Novemba 1965. Kimba alinyongwa hadharani mwaka uliofuata. Tshombe alihukumiwa kifo akiwa Uhispania, ndege yake ikatekwa angani Juni 1967 na kupelekwa Algeria, akafia kizuizini huko mwaka 1969.

Union Minière ilitaifishwa Januari 1967, na kampuni ya taifa baadaye ikaitwa Gécamines. Lakini kazi ya kuiendesha na kuyauza madini ilipewa kampuni ndugu ya ile ya zamani.

Lile neno "mgeni" halikufa na Tshombe. Mwaka 1992 na 1993 wanasiasa wa jimbo hilo walilifufua, na watu wa asili ya Kasai wakafukuzwa Likasi na Kolwezi. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa Gécamines na watoto wao waliozaliwa pale pale. Walikaa kwenye vituo vya reli wiki kwa wiki wakisubiri treni, na wengine walikufa wakisubiri.

Tawi likikutana, tunaomba mjadili hili: kiwandani kwenu au shambani kwenu, ni nani anaitwa mgeni, na ni nani aliyeanza kumwita hivyo? Katibu aandike majibu na kuyaleta makao makuu kabla ya mkutano wa jimbo.