Kabla ya Kununua, Uliza Utakizoea Lini

Siku bati la mwisho linapopigiliwa, mwenye nyumba wa Dar es Salaam hulala akitazama kenchi kama mtu aliyekabidhiwa nchi. Amekaa miaka akinunua tofali na saruji kidogo kidogo, na ana haki ya kufurahi. Lakini mpe miezi sita. Kenchi hazioni tena, na hata akiweka gypsum na taa za rangi, nazo atazizoea. Asichokizoea ni kuamka saa kumi alfajiri ili awahi gari la kutoka Chanika kwenda Posta, kisha kurudi usiku watoto wameshalala.

Ushauri mwingi kuhusu furaha na mafanikio huanza na ndoto: andika malengo, jiamini, amka kabla ya wenzako. Mimi naona pa kuanzia ni swali moja la kujiuliza kila unapotaka kutoa pesa, muda au nguvu zako: hiki nitakizoea upesi kiasi gani? Kinachozoeleka haraka kipe fungu dogo, hata kama kinang'aa. Kisichozoeleka ndicho cha kuhangaikia. Kikiwa kizuri kitafute, na kikiwa kibaya kiondoe kwanza.

Mazoea haya yamechunguzwa. Mwaka 1978, Philip Brickman na wenzake wawili nchini Marekani walichapisha utafiti uliowalinganisha washindi 22 wa bahati nasibu na watu wa kawaida. Washindi hawakuwa na furaha kubwa kuliko wenzao, na mambo madogo ya kila siku yaliwapendeza kidogo kuliko yalivyowapendeza wale wengine. Tangu hapo wahubiri na wauza semina wameugeuza utafiti huo kuwa ushahidi kwamba pesa si kitu. Tusidanganyane. Utafiti mkubwa zaidi wa washindi wa bahati nasibu nchini Uswidi, uliochapishwa 2020, ulikuta waliopata pesa nyingi wakiwa bado wameridhika zaidi na maisha yao zaidi ya miaka kumi baadaye. Pesa inasaidia. Tofauti iko katika kile unachoitumia kununua au kuondoa.

Kwa hiyo anza na maumivu yasiyozoeleka. La kwanza ni deni. Aliyechukua mkopo wa riba kali, ule uitwao kausha damu, hazoei ujumbe wa kudaiwa. Kila simu ikilia moyo unaruka, hata kama anayepiga ni mama yake. Ukipata pesa ya ziada, iwe bonasi, mavuno au malimbikizo ya mshahara, malizana na mkopo huo kabla ya kufikiria televisheni mpya. Baada ya deni, tenga ada ya Januari na kodi ya nyumba, maana hizo nazo hurudi na hofu ileile kila msimu. Zigawanye kwa mwezi, na kila mwezi uweke fungu lake mahali ambapo huwezi kulichomoa kirahisi. Hakuna atakayekupongeza kwa hilo, wala halipigiwi picha, lakini utalala.

La pili ni njia ya kwenda kazini. Mwaka 2004, Daniel Kahneman na wenzake walichapisha matokeo ya kuwauliza wanawake 909 wafanyakazi wa Texas walivyojisikia katika kila shughuli ya siku iliyopita. Safari ya asubuhi kwenda kazini ilikuwa miongoni mwa zilizowapa raha ndogo kuliko zote. Wanauchumi wa Uswisi, Alois Stutzer na Bruno Frey, walipochambua takwimu za Ujerumani walikuta kwamba wenye safari ndefu hawakuridhika na maisha kama wenye safari fupi, na kwamba mshahara au nyumba bora haikuwafidia vya kutosha. Na hao ni Wajerumani, wenye treni zao! Foleni haizoeleki kwa sababu haifanani: leo mvua, kesho ajali, keshokutwa msafara wa kiongozi.

Dalali wa viwanja anajua hili. Ndiyo maana hukupeleka Jumapili asubuhi, barabara nyeupe, mkafika upesi mkila karanga. Kabla ya kulipa hata shilingi ya kishika kiwanja, rudi peke yako. Lala huko kwa ndugu au gesti, uamke Jumatatu uende kazini kutokea hapo, na urudi Ijumaa jioni. Kisha piga hesabu. Saa nne za barabarani kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 48 ni saa 960, yaani siku 40 kamili, usiku na mchana. Ukiona bado inafaa, nunua kwa macho makavu. Wengine wanakimbia kodi za wenye nyumba, na hiyo ni sababu nzito.

Kama umeshajenga mbali, usikate tamaa wala usiuze. Unaweza kumwomba mwajiri uingie mapema na kutoka mapema. Unaweza kuipangisha nyumba yako, ukapange vyumba viwili karibu na kazi mpaka watoto wakue. Ndugu watacheka: ana nyumba, anapanga! Waache wacheke. Hao hawapandi gari la alfajiri pamoja nawe.

Sasa tuje kwenye kizuri kisichozoeleka, ambacho ni watu. Chuo Kikuu cha Harvard kina utafiti ulioanza 1938 na wanafunzi wake 268, kisha ukaunganishwa na mwingine wa vijana 456 wa mitaa ya maskini ya Boston. Wote walikuwa wanaume, Wamarekani, kwa hiyo tusiubebe kama msahafu. Lakini umewafuata kwa zaidi ya miaka 80, na baadaye wake zao na watoto wao. Robert Waldinger, anayeuongoza, amesema kwamba walipotazama waliofika miaka 80 wakiwa na afya, kuridhika kwao na mahusiano yao wakiwa na miaka 50 kulitabiri hali hiyo vizuri kuliko kiwango cha lehemu katika damu.

Watu hawazoeleki upesi kwa sababu wanabadilika. Gari lako leo ni lile la jana. Rafiki yako leo ana habari mpya. Tatizo la mjini ni kwamba tunapigiana simu tukiwa na shida tu: mchango, msiba, mkopo. Mtu akiona jina lako kwenye kioo anajiuliza kwanza ni kiasi gani. Dawa yake ni simu isiyo na ombi. Chagua watu wachache, wanaohesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kila mmoja mpe siku yake. Shangazi Jumapili baada ya chakula, rafiki wa shule Jumatano ukiwa kituoni. Piga, usitume sauti wala kibonzo. Ongea dakika chache, aga, kata. Mara za mwanzo atasubiri uombe kitu. Usipoomba, simu ya tatu itakuwa nyepesi.

Vivyo hivyo kwa kikoba chenu, kile kikundi cha kuweka na kukopa. Siku hizi hisa zinatumwa kwa simu, na wengi wameacha kukutana kwa sababu hesabu zinaonekana kwenye skrini. Tumeni pesa kwa simu, sawa, lakini kikao msikifute. Faida nusu iko katika kukaa kwenye mkeka na kujua nani mtoto wake kalazwa. Ambaye shida yake imejulikana kikaoni huchelewesha marejesho bila kutukanwa. Kwenye kundi la WhatsApp hutajwa jina tu.

Kutoa nako hakuchoshi haraka, ila kuna kanuni zake. Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walifanya jaribio Kanada, likachapishwa 2008: watu walipewa asubuhi dola 5 au 20, wakaambiwa wazitumie kabla ya jioni, wengine kwa ajili yao wenyewe, wengine kwa ajili ya mtu mwingine. Waliotumia kwa ajili ya wengine ndio waliokuwa na furaha zaidi jioni, na ukubwa wa kiasi haukubadilisha kitu. Mwaka 2013 Aknin na wenzake waliwauliza watu wa Kanada na wa Uganda wakumbuke matumizi yao, na pande zote mbili kukumbuka pesa iliyotumika kwa mwingine kuliwapa furaha zaidi.

Lakini mchango wa kulazimishwa hauna raha hiyo, una kinyongo. Kadi za harusi zikifululiza kuanzia Juni, mtu anatoa huku anasaga meno. Weka fungu la michango mwanzoni mwa mwezi kama unavyoweka kodi, na likiisha limeisha. Sehemu yake kubwa ielekeze mahali unapoona matokeo: sare za mtoto wa dada, dawa za jirani, mtaji mdogo wa kijana wa mtaani unayemjua. Kinachobaki ndicho cha kadi.

Kuikatalia kamati ya harusi nako kuna adabu yake. Usikae kimya mpaka wakusake. Tuma mapema, kabla ya kikao cha pili, na useme kwa heshima: "Mwenyekiti, pokeeni hiki kidogo. Ndicho nilichojaliwa kwa shughuli hii, na siku yenyewe nipo, mnipangie kazi." Ukifika saa mbili asubuhi kupanga viti na kuhesabu soda, hakuna atakayekumbuka kiasi ulichotuma. Na bibi harusi atakukumbuka wewe kuliko waliolipa meza ya mbele wakaja saa tatu usiku.