Mimba ya Kwanza na Uchungu wa Kuanzishiwa

Maswali yafuatayo nimeulizwa na wanawake waliochukua mimba ya kwanza, na mama zao, na mavyaa zao, na mara mojamoja na waume zao, katika miaka mingi niliyokaa vyumba vya kuzalia. Nami sikuyapanga kwa taratibu ya kitabu, bali kama yanavyonijia nikikumbuka nyuso za waliouliza.

Bibi mkunga, daktari ameniambia nilale hospitali nianzishiwe uchungu. Kwani mwili wangu una kasoro gani?

Huenda hauna kasoro yoyote, mwanangu. Kuanzishiwa uchungu ni kuuamsha mji wa mimba kwa dawa au kwa kifaa kabla haujaamka wenyewe, na aghalabu hufanywa inapodhihirika kwamba kukaa kwa mtoto tumboni kumekuwa na hatari kubwa kuliko kutoka kwake: shinikizo la damu limepanda na kifafa cha mimba kinahofiwa, au chupa imepasuka na saa zinapita pasi na uchungu, au mama ana kisukari, au mtoto amedumaa, au mimba imepitiliza siku zake. Muulize tabibu ni ipi kati ya hizo iliyo yako, wala usione haya kuuliza, kwa kuwa sababu ndiyo inayokuambia kama jambo ni la leo usiku au linaweza kungoja juma zima.

Lakini siku zenyewe huhesabiwaje? Mama huhesabu kwa mwandamo wa mwezi, na kliniki huhesabu kwa wiki.

Wala hawapingani kama wanavyodhani. Kliniki huhesabu siku 280, yaani wiki 40, tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Na mama, akihesabu miezi 9 ya mwandamo, ambayo kila mmoja una siku 29 na nusu hivi, hufikia siku 266, ambazo ndizo siku za mimba tangu ilipotungwa, maana hutungwa kiasi cha wiki 2 baada ya hedhi hiyo kuanza. Hitilafu kubwa hutokea pale mwanamke asipoikumbuka hedhi yake, na kipimo cha picha kikachelewa kufanywa: kile cha kabla ya wiki ya 24 husaidia sana kuithibitisha hesabu, lakini kile cha mwezi wa mwisho huweza kukosea kwa wiki 2 au hata 3, kwa hiyo mtoto akadhaniwa amepitiliza, naye akatoka angali na malaika mabegani.

Siku zikiwa na yakini, Shirika la Afya Duniani hupendekeza kuanzisha uchungu mimba ikitimiza wiki 41. Huko Sweden walilinganisha wanawake walioanzishiwa wiki ya 41 na waliongojea hadi ya 42, jumla yao 2,760, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Utafiti ulikatizwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa walikufa watoto 6 upande wa waliongojea na hakufa hata mmoja upande wa pili. Watoto 6 katika maelfu ni wachache, naam, walakini ni nani atakayejitolea wa kwake kuwa mmojawapo?

Kwa nini sisi wa mimba ya kwanza huambiwa tutakawia?

Kwa sababu mlango wa kizazi ambao haujapata kupitwa na mtoto hufanya kazi mbili zifuatanazo, ambazo kwa aliyekwisha kuzaa hufanywa kwa pamoja: kwanza hulainika na kufupika mpaka ukawa mwembamba, ndipo uanze kufunguka, na hiyo kazi ya kwanza, ambayo kwa macho haionekani na kwa jirani aliyeketi barazani huonekana kama uvivu wa mwanamke, yaweza kumeza siku nzima na usiku wake. Mwaka 1964 tabibu Mmarekani, Edward Bishop, alitoa kipimo cha mambo matano: mlango umefunguka kiasi gani, umefupika kiasi gani, ni mgumu au laini, umeelekea nyuma au mbele, na kichwa cha mtoto kimeshuka mpaka wapi, alama zikijumlishwa hufika 13. Zikizidi 8, uchungu hutarajiwa kushika bila taklifu kubwa. Zikiwa 6 au chini ya hapo, mlango hutakiwa ulainishwe kwanza. Nami sikosi kuwakumbusha wanafunzi wangu kwamba Bishop alikiweka kipimo hicho kwa ajili ya wanawake waliokwisha kuzaa, kwa hiyo anayekitumia kwa kifungua mimba na azidishe subira.

Nitakuambia nilionalo mimi: katika mimba ya kwanza, mlango wa kizazi ndio hakimu, na kalenda ni shahidi tu. Dripu ya kuongeza uchungu ikitundikwa juu ya mlango mgumu uliofungwa, huleta maumivu mengi na kazi kidogo, halafu jioni huandikwa kwamba mzazi ameshindwa, ilhali aliyeshindwa ni aliyeharakisha.

Watanitumia nini hasa?

Pengine mpira, ule ule wa kutolea mkojo, unaopitishwa kwenye mlango wa kizazi na ncha yake kujazwa maji ili iusukume mlango taratibu, na mwili wenyewe utoe vilainisho vyake. Ukidondoka, ujue mlango umekwisha kufunguka kiasi. Au misoprosto, ambayo asili yake ni dawa ya vidonda vya tumbo, na hapa ninaomba usomaji wa polepole. Kipimo kinachofaa kwa kumeza ni maikrogramu 25 kila baada ya saa 2, lakini kidonge kilichozoeleka madukani ni cha 200, yaani mara 8 ya hicho. Ndiyo maana vidonge vidogo vya 25 vilitengenezwa, na ndiyo maana katika hospitali zisizokuwa navyo wauguzi huyeyusha kidonge kizima katika mililita 200 za maji na kupima 25 kwa kila dozi, badala ya kukikata kwa wembe na kukisia. Mtu akiuletea mji wa mimba dawa iliyozidi, uchungu hufuatana pasi na mapumziko, zaidi ya mara 5 katika dakika 10, na mtoto hukosa pumzi. Dawa hii haipaswi kutumiwa nyumbani kuanzisha uchungu, seuze kwa aliyewahi kupasuliwa.

Mwisho ni oksitosini, ambayo Vincent du Vigneaud aliitengeneza katika maabara mwaka 1953 na miaka miwili baadaye akatunukiwa Nobel. Hupitishwa kwa dripu, matone yakihesabiwa na moyo wa mtoto ukisikilizwa. Atakayekuja kukudunga sindano yake msulini kabla mtoto hajazaliwa, eti akuharakishe, mkatalie.

Rafiki yangu aliye Marekani alianzishiwa wiki ya 39 bila ugonjwa wowote, akaambiwa hivyo hupunguza kupasuliwa. Nami niombe?

Habari hiyo ni kweli, ila imesafiri bila mizigo yake. Mwaka 2018 ulitangazwa utafiti wa hospitali 41 za Marekani, uliohusu wanawake 6,106 wa mimba ya kwanza wasio na maradhi: walioanzishiwa wiki ya 39, waliopasuliwa walikuwa asilimia 18.6, waliongojea, asilimia 22.2. Maana yake ni kwamba kati ya wanawake 28 wanaoanzishiwa, mmoja huepushiwa kisu. Na waliopatwa na shinikizo la damu nao walipungua. Lakini madaktari wale waliombwa wasimhesabu mwanamke kuwa ameshindwa mpaka zipite saa 12 au zaidi baada ya mlango kulainishwa, chupa kupasuliwa na dripu kuwekwa, na wanawake walikaa vyumba vya kuzalia muda mrefu kuliko wenzao. Pale ambapo mkunga mmoja anawahudumia wazazi wengi na vitanda havitoshi, subira ya namna hiyo ni adimu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani haupendekezi kumwanzishia asiye na tatizo kabla ya wiki 41, nami kwa hospitali zetu nyingi naona hivyo ndivyo.

Mkwe wangu ataka dawa za hospitali. Mimi nilizaa kwa tende, mafuta ya mbarika na mizizi. Wasemaje?

Tende nazikubali, dada yangu, na pwani hii kila mtu akumbuka kisa cha Bibi Maryamu chini ya mtende. Huko Jordan wanawake waliokula tende 6 kwa siku katika wiki 4 za mwisho walifika hospitali mlango ukiwa umefunguka zaidi kuliko wasiokula. Walikuwa wachache, na hawakugawanywa kwa kura, lakini mwenye kisukari akijizuia, wengine hawadhuriki. Mafuta ya mbarika huleta tumbo la kuhara kwa yakini kuliko yanavyoleta mtoto. Mizizi ndiyo niiogopayo, kwa kuwa haina kipimo, na mwanamke aliyekunywa kisha akaongezewa dripu na asiyejua, mji wake waweza kupasuka. Ikiwa amekwisha kunywa, mwambieni mkunga. Hatawagombeza, au akiwagombeza, vumilieni.

Na uchungu ukigoma?

Ikiwa chupa haijapasuka na wewe na mtoto mu salama, mara nyingi hupumzishwa, ukala, ukalala, na kujaribiwa tena kesho. Damu ikitoka, au maji yakawa ya kijani, au mtoto akaacha kucheza, au kichwa kikauma na macho kuona kiza, hapo hakuna kungoja, na kisu ni rehema.

Mimi ni mume. Niende saa ngapi kumchukua?

Si leo. Ukimleta asubuhi na mlango haujalainika, mtarajie kesho usiku au kesho kutwa. Lete uji, maji, kanga mbili tatu zilizozoea mwili wake, na mtu mmoja atakayemkanda kiuno usiku. Simu mwachie huyo mtu, kisha usimpigie kila nusu saa.