Maji Tumboni kwa Mgonjwa wa Ini: Mwongozo wa Familia

Kijitabu hiki ni cha wewe unayemuuguza nyumbani mtu ambaye ini lake limeota makovu, yaani ana sirosisi, na sasa tumbo linajaa maji. Dawa huandikwa hospitali, lakini sehemu kubwa ya matibabu hufanyika jikoni na kwenye mizani.

Maji yanatoka wapi?

Ini likishambuliwa kwa miaka mingi na virusi vya homa ya ini B au C, pombe, au mafuta yanayoambatana na unene na kisukari, huota makovu na kuwa gumu. Damu yote ya matumbo na bandama hupita humo kwa mshipa mmoja mkubwa. Njia ikibana, damu hurudi nyuma kama maji ya mtaro ulioziba, na presha ya mshipa huo hupanda. Bandama huvimba, mishipa ya koo la chakula hutuna, nazo figo huzuia chumvi na maji, ambayo huvujia tumboni na miguuni.

Kandokando ya Ziwa Victoria, kichocho cha matumbo nacho hupandisha presha hii, hata kwa mtu asiyeonja pombe. Kifua kikuu cha tumbo, moyo ulioshindwa kazi na saratani pia huweza kujaza maji. Ndiyo maana mgonjwa mpya huchukuliwa maji kidogo kwa sindano yakapimwe. Hajalogwa, apelekwe hospitali mapema.

Chumvi

Chumvi ndiyo inayoshikilia maji mwilini. Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, sawa na kijiko kimoja cha chai cha kusawazisha, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate. Mpakulie mgonjwa kabla hujatia chumvi chungu cha familia, na chumvi isiwekwe mezani.

Epuka:
- magadi kwenye maharage na mboga;
- papa, ng'onda na dagaa wa chumvi;
- vidonge na unga wa kukolezea mchuzi;
- soseji na krisps.

Ladha itafutwe kwenye ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, bizari na nazi. Chumvi mbadala yenye potasiamu asipewe bila ruhusa ya daktari, kwani ikikutana na dawa zake huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Maji ya kunywa hayapunguzwi mpaka daktari aseme.

Chakula na pombe

Usimnyime mayai, samaki, kuku, maharage wala maziwa kwa kuogopa kulichosha ini. Mgonjwa huyu hukonda misuli upesi. Ale kidogo kidogo mara nyingi, na asilale njaa: kikombe cha uji wa maziwa usiku kinamsaidia. Pombe aache kabisa, hata kama siyo iliyomletea ugonjwa.

Dawa zake

*Dawa za kukojosha.* Kwa kawaida ni spironolaktoni, mara nyingi pamoja na furosemaidi. Mpime uzito kila asubuhi baada ya haja, kabla ya kula, na uandike daftarini. Asiyevimba miguu apungue takriban nusu kilo kwa siku. Aliyevimba miguu, isizidi kilo 1. Akipungua kwa kasi zaidi, figo huweza kuumia. Arudi kliniki kwa vipimo vya figo na chumvi za damu. Mwanamume akiona matiti yanavimba au kuuma, amweleze daktari, asiache dawa mwenyewe.

*Propranololi au kavediloli.* Familia nyingi huuliza: "Hana presha, mbona kapewa dawa ya presha?" Presha inayotibiwa hapa ni ya mshipa wa ini, si ile inayopimwa mkononi. Dawa hizi hupunguza hatari ya mishipa ya koo kupasuka. Mishipa iliyotuna sana huweza kufungwa kwa mpira kupitia kipimo cha kamera. Akipata kizunguzungu au kuzimia, aonwe na daktari mara moja.

*Za kuepuka.* Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huumiza figo na huweza kuleta damu tumboni. Kwa maumivu, parasetamoli isizidi vidonge 4 vya miligramu 500 kwa siku. Dawa za miti shamba pia zinaweza kuliumiza ini.

Kutolewa maji kwa sindano

Wengi huogopa wakisema aliyetolewa maji hufa. Wanaokufa huwa wamefika ugonjwa ukiwa umekomaa. Sindano humpunguzia mgonjwa kubanwa na kumrudishia pumzi. Yakitolewa zaidi ya lita 5, inafaa apewe albumini kwenye mshipa ili damu isipungue nguvu. Ila chumvi isipopunguzwa, tumbo litajaa tena upesi.

Mkimbize hospitali, hata usiku, akiwa na:

- kutapika damu, au choo cheusi kama lami;
- homa au maumivu ya tumbo, kwa kuwa maji huweza kuingia bakteria;
- kuchanganyikiwa, kulala mchana na kukesha usiku, au mikono kutetemeka;
- mkojo kidogo sana, au macho ya njano yanayozidi.

Kukosa choo huweza kuleta kuchanganyikiwa. Akiandikiwa laktulosi, lengo ni choo laini mara 2 hadi 3 kwa siku.

Na ninyi wengine nyumbani

Kama chanzo ni homa ya ini B, mgonjwa aulize kuhusu dawa ya kudhibiti virusi, kama tenofovia. Mwenzi wake, watoto na ndugu wa nyumba moja wapimwe. Asiye na virusi wala kinga achanjwe. Watoto wachanga wapelekwe chanjo wakifikisha wiki 6, 10 na 14. Msisubiri tumbo la mwingine livimbe: nendeni mkapime wiki hii.