Somo la Bustani: Muti wa Chai wa Australia

Tukisikia «muti wa chai» tunafikiri ile chai ya asubuhi. Hapana! Huu ni muti mwingine, wa Australia, jina lake la elimu ni Leptospermum. Uko wa jamaa moja na kalitusi na mupera. Mwaka 1773, kule New Zealand, watu wa Kapiteni James Cook walichemsha majani ya muti wa namna hii, wakakunywa kama chai.

1. Kuchagua. Kwanza tuulize: bustani iko fasi gani? Pembeni ya bahari, watu wa Australia wanapanda laevigatum, kwani unavumilia muchanga na upepo wa chumvi. Mwenye kupenda harufu ya ndimu anachagua petersonii.

2. Kutunza. Unataka jua, na udongo usiosimamisha maji. Ukiwa mudogo, unyweshwe. Maua yakiisha, tukate ncha tu. Tukikata mpaka kwenye matawi ya zamani yasiyo na majani, mara nyingi hauchipuke tena.

3. Angalisho. Laevigatum ulipelekwa Afrika Kusini ili ushike muchanga wa pwani. Kumbe ukaenea, ukasonga mimea ya kule. Hata katika Australia yenyewe, ukitoka kwenye fasi yake, unageuka magugu. Basi, muti muzuri kwao unaweza kuharibu kwa wengine. Mbele ya kupanda mbegu ya mbali, tuulize wenye kuijua.

Swali: Katika parseli yenu, ni miti gani ilitoka inchi ya mbali?