UFAHAMU: DAWA ZA MAUMIVU BILA USHAURI

Soma kifungu cha habari kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Katika vijiji vya Mkuyuni, kwenye miteremko ya Milima ya Uluguru, mkungu wa ndizi au tenga la mananasi hushushwa kutoka shambani kwa kichwa au kwa bega. Jioni mgongo unauma na magoti yanawaka moto. Mkulima mwenye palizi kesho haoni muda wa kupanga foleni zahanati. Hupita dukani, hununua vidonge vya parasetamoli au diklofenaki, humeza, hulala. Asubuhi hupanda tena mlimani.

Tusimlaumu haraka. Parasetamoli huuzwa bila cheti cha daktari na ni salama kwa watu wengi ikitumiwa ipasavyo. Kasoro huanza pale dawa ya siku moja inapogeuka kuwa ya kila siku, au mtu anapochanganya dawa asizozijua.

Mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 4 za parasetamoli kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Anayemeza parasetamoli kwa ajili ya mgongo, kisha dawa ya mafua ambayo nayo ina parasetamoli, huweza kuvuka kiwango hicho bila kujua. Ini ndilo linaloumia, na siku ya kwanza huenda asihisi lolote. Diklofenaki ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo.

Hatari nyingine huja kimyakimya. Homa na maumivu ya kichwa huweza kuwa dalili za malaria. Parasetamoli hushusha homa, lakini haiui vimelea. Mgonjwa hupata nafuu ya saa chache akadhani amepona, kumbe vimelea vinazaliana ndani ya damu. Anapofikishwa kituo cha afya, huenda malaria imekwisha kuwa kali. Kipimo cha haraka huhitaji tone la damu tu, na majibu hutoka kwa takribani dakika 20.

Mpango wa Duka la Dawa Muhimu, ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, ulilenga kuwapa wanavijiji wauzaji waliopata mafunzo. Basi tuwaulize: Kidonge hiki kina dawa gani? Nimeze vingapi, kila baada ya saa ngapi? Nisipopona, niende hospitali lini? Maumivu ni mjumbe. Ukimnyamazisha, ujumbe wake bado upo.

MASWALI

1. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika kifungu: (a) cheti (b) vimelea (c) nafuu.
2. Kwa nini mwandishi anasema "Tusimlaumu haraka"? Toa sababu mbili.
3. Mtu mzima amemeza vidonge 2 vya parasetamoli vya miligramu 500 mara 3 kwa siku, pamoja na dawa ya mafua yenye jumla ya gramu 2 za parasetamoli. Je, amevuka kiwango? Thibitisha.
4. Taja tamathali ya semi iliyomo katika "Maumivu ni mjumbe", kisha ifafanue.
5. Fupisha aya ya nne kwa maneno yasiyozidi 35.

DOKEZO: Katika swali la 5, tafuta kwanza wazo kuu: dawa ya maumivu huficha malaria. Acha mifano, na usinakili sentensi nzima ya mwandishi. Katika swali la 4, kutaja "sitiari" peke yake hakutoshi. Eleza ni nini kinacholinganishwa na nini.