Mjomba Aliuliza Unakimbia Mita Ngapi

Shikamoo shangazi. Nina miaka 21, ni mwanafunzi wa chuo hapa Nairobi. Nimecheza frisbi tangu kidato cha tatu, na sasa nimechaguliwa katika timu itakayokwenda kushindana Ulaya. Kila mchezaji anajilipia. Ninahitaji Sh230,000 na hadi leo nimechangiwa Sh64,000. Mjomba ndiye aliyefungua kundi la WhatsApp na pesa zinaingia kwa simu yake. Kwenye tangazo niliandika "mashindano ya riadha" kwa kuwa watu hawaijui frisbi. Juzi mjomba aliniuliza nakimbia mita ngapi, nikamwambia mia nne. Jumapili ijayo nimepewa nafasi kanisani niwaombe waumini. Nitumie mbinu gani ili watu wachange zaidi? – M., Nairobi

Marahaba, mwanangu. Andikia kampuni, bisha hodi katika ofisi ya michezo ya kaunti, uza fulana, tafuta kibarua likizo ikifika. Mbinu ndizo hizo, na mwenzako yeyote angekutajia. Mimi nimekwama kwenye mita mia nne.

Barua yako ilikuwa ndefu, nimeikata. Umenieleza habari za kocha, tiketi na viatu, kisha neno hilo ukalipitisha haraka haraka kana kwamba halina uzito. Mjomba hakuuliza ili akutege. Aliuliza kwa sababu kuna watu wanaomuuliza, naye anataka awajibu kwa fahari kwamba mtoto wa dada yake anakimbia mbio fulani. Sasa anawaambia mia nne. Njia ya mwongo ni fupi, na kwa Kenya, mwongo wa riadha njia yake ni fupi zaidi: atatokea mtu atake kujua muda wako bora, na ulikimbia katika uwanja gani. Siku hiyo atakayeaibika kwanza ni mjomba, maana pesa zimeingia kwa jina lake.

Unasema watu hawaijui frisbi. Kweli, wengi hawaijui. Lakini sijaona popote katika barua yako ulipomweleza mtu mmoja akakukatalia. Ulijikatalia mwenyewe kabla ya kuuliza. Mwanangu, unauonea haya mchezo unaoupenda, na haya hiyo inakusumbua kuliko hizo pesa zilizopungua.

Una haya ya nini? Huo ni mchezo wa kurushiana kisahani, watu saba kwa saba, katika uwanja wenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 37. Ukishadaka kisahani huruhusiwi kukimbia nacho. Unasimama, mpinzani anakuhesabia kwa sauti hadi kumi, na kabla hajamaliza uwe umekirusha kwa mwenzako. Ulianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wa shule ya upili huko Maplewood, New Jersey. Shirikisho lake la dunia lilitambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2015, ingawa mchezo wenyewe bado haumo katika Olimpiki. Na huko kujilipia kunakokufanya ujione ombaomba ni kawaida yake: hata Marekani na Uingereza, wachezaji wengi wa timu za taifa hutoa mfukoni au huchangisha kama wewe.

Tena hauna refa, hata kwenye mashindano ya dunia. Aliyechezewa rafu anatamka mwenyewe, aliyecheza anakubali au anapinga, na wasipoelewana kisahani kinarudi kwa aliyekirusha. Mguu wako ukikanyaga nje ya mstari, wewe ndiye wa kusema. Umekulia katika mchezo huo tangu kidato cha tatu. Umekiri makosa mbele ya wapinzani wenye hamu ya kukushinda, halafu unashindwa kumwambia ukweli mjomba wako anayekuombea pesa usiku na mchana?

Hapa nitakuwa mkali, kwa sababu mchango kwangu si jambo la mzaha. Tunachangiana matanga, bili za hospitali, karo. Anayekutumia Sh200 mara nyingi hana Sh200 za ziada. Ameamua kwamba jioni hiyo watakula sukuma bila nyama. Hakutoa kwa sababu anapenda riadha. Alitoa kwa sababu anakujua wewe, au anamheshimu mjomba wako, na ana haki ya kujua pesa yake imekwenda wapi, hadi shilingi ya mwisho. Ukimdanganya huyo, umewaharibia hata wengine watakaokuja kuomba baada yako, akiwemo mtoto wa jirani atakayehitaji dawa kweli.

Kuna jambo jingine ambalo hukulitaja. Unakwenda Ulaya, na viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90, na ukinyimwa, ada hiyo hairudishwi. Je, ukinyimwa, pesa zilizobaki zitakuwa za nani? Amua sasa, uandike na uwaambie wachangiaji kabla hawajatoa: zitarudishwa kwao, au zitamsaidia mchezaji mwenzako aliyepata viza. Usingoje hadi siku utakayonyimwa ndipo uanze kujieleza.

Nenda kwa mjomba leo, usimpigie simu. Nenda na kisahani. Mwambie, "Mjomba, sikimbii mita mia nne, nacheza huu hapa," kisha umwonyeshe. Atakasirika, na ana haki. Mwache aseme yote bila kumkatiza. Kisha mwombe ruhusa uandike kwenye kundi wewe mwenyewe, kwa jina lako, kwamba tangazo la kwanza halikuwa la kweli, mchezo ni frisbi, bajeti ni hii, na anayetaka kurudishiwa pesa zake aseme hadi Ijumaa. Wachache watataka. Warudishie bila kinyongo. Wengine watauliza frisbi ni nini, na hapo ndipo utakapoanza kuchangisha kwa haki.

Kama hutaweza kufanya hayo kabla ya Jumapili, mwambie mchungaji akuondoe kwenye ratiba. Usisimame mbele ya waumini na ile mia nne bado iko kwa mjomba.