Somo la Kikundi: Picha za Mtandao, Kuletewa au Kuzifuata Kwao?



Vikundi vingi vya Thika na Ruiru sasa vina angalau mtu mmoja mwenye simu ya kuingia mtandaoni, na mara nyingi ni kijana. Anapewa kazi: tutafutie mambo mapya. Analeta habari za mbuzi wa maziwa, za vyondo, na analeta picha. Picha ndizo zinazopendwa, kwa maana hazimwachi nyuma mama asiyesoma sana. Basi mwezi huu tuzungumze juu ya picha hizo: zinatufikia kwa njia gani, na njia hiyo inatuficha nini.

Wapiga picha wengi wana kurasa zao mtandaoni, ziitwazo blogu. Leo mmoja anaweka picha tatu, akae wiki mbili, halafu aweke kumi. Wewe utajuaje kwamba ameweka? Unaweza kwenda kwake kila mara kuchungulia. Au unaweza kuletewa. Kurasa nyingi za namna hii zina orodha ndogo iliyo nyuma ya pazia, inayoitwa mlisho: kichwa, tarehe, maneno machache, pengine na picha yenyewe. Ziko programu ambazo kazi yao ni kuzungukia milisho yote uliyochagua na kukuwekea yaliyo mapya mahali pamoja. Ni kama kuletewa gazeti mlangoni badala ya kulifuata stendi. Mpango huu ulianza mwaka 1999. Programu iliyojulikana sana, Google Reader, ilianza 2005 na wenyewe wakaifunga tarehe 1 Julai 2013, watu wakahamia nyingine kama Feedly.

Faida yake kwa kikundi ni bando. Orodha ya maneno ni nyepesi. Kufungua kurasa kumi zenye picha kubwa si mchezo, na bando la kikundi ni pesa ya kikundi. (Lakini mwambieni kijana aizuie programu isivute picha zote yenyewe, la sivyo bando litaisha mkiwa mmelala.) Faida nyingine ni kwamba umechagua mwenyewe unaowafuata. Facebook inakuchagulia ikuonyeshe nini. Mlisho unaleta alichoweka yule uliyemchagua, kwa mpangilio wa tarehe, basi.

Sasa tuje kwenye shida. Bei ya mahindi ukiletewa mlangoni ni bei ile ile. Picha haiko hivyo.

Chukueni mfano wa karibu: maporomoko ya Fourteen Falls ya mto Athi, ukiacha barabara ya Garissa kuelekea Ol Donyo Sabuk. Tuseme kikundi cha Makongeni kimeweka akiba kwa miezi sita ili kipeleke watoto matembezi. Kwenye programu inatokea picha moja: maji yamejaa, yanashuka kwa kishindo. Inapendeza kweli. Imeandikwa tarehe ya juzi, na mweka hazina anataka gari lilipiwe kesho.

Kabla hajatoa pesa, kijana abonyeze kile kichwa, aingie kwenye ukurasa wenyewe. Huko anaweza kukuta kwamba ile ilikuwa picha moja tu kati ya kumi na mbili, na mlisho ulileta hiyo moja. Nyingine zinaonyesha miamba mitupu wakati wa kiangazi. Nyingine zinaonyesha povu na chupa za plastiki, maana mto Athi unapokea maji ya mto Nairobi pamoja na uchafu wa jiji. Na maelezo ya chini yanasema picha ilipigwa Mei, mvua za masika zikiwa zimekolea. Hapa ndipo wengi wanateleza: tarehe inayoletwa na mlisho ni ya siku picha ilipowekwa. Siku ilipopigwa ni jambo lingine kabisa. Mpiga picha hakudanganya mtu. Yeye alieleza yote, ila maelezo yalibaki kwake.

Kuna mengine madogo. Programu nyingi hupunguza picha ili itoshee, na pengine kilichokatwa pembeni ndicho kilichokuwa jambo lenyewe. Mwenye ukurasa akisahihisha maelezo baadaye, programu yaweza kuendelea kukuonyesha yale ya zamani. Wengine huweka kipande tu kwenye mlisho kwa makusudi, ili uende kwao. Mimi siwalaumu, wanakula kwa kazi hiyo.

Tuna mfano mzito zaidi hapa Kenya. Boniface Mwangi alipiga picha za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mwaka 2009 yeye na wenzake walianzisha maonyesho ya Picha Mtaani. Picha zilichapishwa kubwa, zikawekwa wazi barabarani Nairobi, kisha zikapelekwa miji mingine. Mwananchi alikwenda kwa miguu yake, akasimama, akasogea kutoka picha moja hadi ya pili. Picha zile zikiwa pamoja zilimwambia aone tulichotendeana, tusirudie tena. Lakini hebu toa moja tu, ya nyumba inayoungua. Ondoa maelezo, ondoa mwaka, uitume kwa simu wakati wa kampeni ukisema ni ya jana usiku. Picha ni ile ile, na sasa ni kuni. Mtu anayetuma hivyo si lazima awe mbaya. Pengine aliiona ndogo kwenye simu, hakuifuata kwake, akashtuka, akapeleka kwa wenzake.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Tumieni programu ya mlisho kujua kuna nini kipya na kuokoa bando. Lakini kama picha itawafanya mtoe pesa, au muamini jambo baya juu ya watu fulani, au mtume kwa wengine, ifuateni kwanza mpaka kwa mwenyewe. Bando la shilingi chache halitawafilisi.

Pia kuhusu kalenda. Vikundi vingine vinapenda kutoa picha nzuri huko na kuichapisha kwenye kalenda au kadi za kuuza. Picha ikiletwa kwenye simu yako haijawa yako. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda picha kwa miaka 50, na mara nyingi anwani ya kuombea ruhusa iko kwenye ukurasa wa mwenye picha.

Ya kujadili na kufanya kwenye mkutano ujao:

Kijana alete picha tatu zilizotokea kwenye programu wiki hii, na kabla hajafungua kurasa zake, kila mwanakikundi aseme anadhani ni wapi, ni lini, na kuna nini pembeni. Katibu aandike majibu. Kisha zifunguliwe kurasa zenyewe na majibu yalinganishwe. Ni picha gani mngeituma kwa wengine kabla ya kufungua, na baada ya kufungua? Nani katika kikundi apewe kazi ya kufuata picha kabla ya pesa kutoka? Wazee wakae mbele karibu na simu, maana hizi picha ni ndogo.